Utafiti mdogo ndani ya maktaba ya shule: mwongozo kwa mwalimu aliyekabidhiwa funguo

Shule nyingi za sekondari za kata nchini Tanzania hazina mkutubi. Zina mwalimu mwenye vipindi vyake vya Historia au Kiswahili, aliyekabidhiwa funguo za maktaba kwenye kikao cha kufungua muhula, pamoja na leja na onyo kwamba kitabu kikipotea maelezo atayatoa yeye. Mwalimu huyo akifunga kabati na kuweka ufunguo mfukoni, si mvivu. Amesoma mazingira yake vizuri. Hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini kitabu hakijasomwa miaka minne, lakini wengi wameulizwa kimepotelea wapi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, na pia wa kijana aliyetoka Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo na cheti chake akajikuta peke yake kwenye chumba chenye vumbi na vitabu vya msaada. Unahusu utafiti anaoufanya mhudumu wa maktaba ndani ya maktaba yake ili aamue jambo: rafu ikae wapi, kitabu kitoke au kisitoke, kipindi cha maktaba kiombwe au kiachwe. Wataalamu huuita utafiti-tendaji. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilitoa mwaka 2015 toleo la pili la miongozo ya maktaba za shule, na humo tathmini inahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe ya maktaba. Hayo yanawezekana hata pasipo umeme.

Hatua ya 1: Tafuta swali litakalobadilisha kitu

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapokufa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Usianze na "Umuhimu wa maktaba katika kuinua taaluma". Hiyo ni mada ya hotuba. Jibu lake unalijua kabla hujaanza, na ukilimaliza hakuna kitakachohama mahali pake. Swali zuri la maktaba ya shule ni dogo, lina mahali na lina watu:

- Kwa nini Kidato cha Pili wanaazima vitabu vichache kuliko Kidato cha Kwanza?
- Tukiruhusu vitabu vya ziada vitoke kwenda nyumbani, vingapi havitarudi?
- Hadithi za Kiswahili zikihamishiwa rafu ya karibu na mlango, zitaazimwa zaidi?
- Mwanafunzi anapopewa kazi ya kutafuta taarifa, anakwama wapi hasa?

Kuna jaribio moja la kupima swali lako. Chukua karatasi, igawe katikati. Upande mmoja andika: "Jibu likiwa ndiyo, nitafanya hivi." Upande wa pili: "Likiwa hapana, nitafanya hivi." Pande zote mbili zikisema jambo lile lile, swali halina kazi, litupe. Upande mmoja ukikushinda kuandika, maana yake jibu umeshalichagua na unatafuta takwimu za kulipamba.

Swali la pili hapo juu, la vitabu visivyorudi, ndilo ningemshauri mwalimu mpya aanze nalo, kwa sababu hofu ya upotevu ndiyo inayofunga makabati na ni nadra mtu kuipima. Mkuu wa shule anayesema "wataviiba vyote" hana takwimu, na mwalimu anayesema "hawataviiba" naye hana. Toa vitabu 50 vya ziada kwa muhula mmoja, uhesabu vilivyorudi. Hapo mtazungumza.

Swali la tatu lina historia yake. Mpangilio wa Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba kulingana na mada, uliotungwa Marekani na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, umeiweka fasihi ya Marekani kwenye 810, ya Kiingereza 820, ya Kijerumani 830, na kuendelea hivyo mpaka 890, ambako lugha nyingi za dunia zimebanana. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Ukiufuata mpangilio huo kama ulivyo, riwaya na tamthilia ambazo wanafunzi wako wangezisoma bila kamusi zinaangukia mwisho wa rafu ya 800, mara nyingi ile ya chini kabisa nyuma ya meza. Namba inaweza kubaki ilivyo. Hakuna kanuni inayokukataza kuvibandika vitabu hivyo karatasi ya rangi na kuvisogeza mbele. Kama kusogeza huko kunasaidia, hilo unaweza kulipima.

Hatua ya 2: Soma waliotangulia, lakini anza na mbinu zao

Huhitaji kusoma makala hamsini. Matatu au manne yaliyosomwa vizuri yanatosha, na katika kila moja anza na sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho: walihesabu nini, wapi, kwa nani?

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Keith Curry Lance na wenzake katika jimbo la Colorado, uliochapishwa mwaka 1993. Walikuta kwamba shule zenye maktaba zilizo na watumishi na fedha za kutosha zilikuwa na alama bora za kusoma, hata baada ya kuzingatia hali ya kiuchumi ya jamii zinazozizunguka. Matokeo hayo yamerudiwa katika majimbo mengine ya Marekani. Yasome kwa heshima, na uyatumie kwa tahadhari: mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa lingine, na shule za Colorado hazikuwa na tatizo la wanafunzi watatu kugawana kitabu kimoja.

Ross Todd na Carol Kuhlthau wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipita njia nyingine katika jimbo la Ohio. Ripoti yao ya mwaka 2004 iliwauliza wanafunzi zaidi ya 13,000 wa shule 39 maktaba iliwasaidiaje, badala ya kuhesabu vitabu. Swali hilo linaweza kuulizwa Singida au Kwale bila kubadilishwa sana.

Kuhlthau ana jambo jingine lenye faida kubwa kwa kazi ya kila siku. Aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wanaoandika kazi za utafiti, akaona kwamba hali yao ya moyo haipandi moja kwa moja. Wakishachagua mada hupata ahueni, kisha wanapoanza kusoma vyanzo vinavyopingana hujawa na mashaka, na kujiamini kwao hushuka kabla ya kupanda tena wanapopata mwelekeo. Walimu wengi tunamwona mwanafunzi katika hatua hiyo ya mashaka tukadhani hajajituma. Ukilijua hilo, utajua siku ya kukaa naye ni ipi: baada ya vitabu viwili vya kwanza, anapokuambia "mwalimu, mada hii naiacha".

Kwa masomo ya hapa kwetu, tafuta kwenye hazina za mtandaoni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta, Moi na Makerere, ambako tasnifu hupatikana bila malipo. Makerere imefundisha ukutubi kwa ajili ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1963. Jarida la chama cha kimataifa cha ukutubi wa shule, IASL, nalo lina makala zinazosomeka. Simu yenye bando dogo inatosha, pakua usiku usome mchana.

Hatua ya 3: Ruhusa, na siri za wanafunzi

Ukihesabu mihuri ya tarehe za kuazimwa kwenye vitabu ili kuboresha kazi yako, ruhusa ya mkuu wa shule inatosha, lakini iwe ya maandishi, hata mistari mitatu. Ukitafuta shahada, safari ni ndefu: barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ifike shuleni. Kenya, mtafiti huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anza mapema.

Wanafunzi wengi wako ni chini ya miaka 18. Ukiwahoji au kuwapa dodoso, wazazi wajulishwe, na mtoto mwenyewe aambiwe anaweza kukataa bila kupoteza chochote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya mwaka 2019. Hata pasingekuwa na sheria, fikiria daftari la kuazima linaonyesha nini. Linaonyesha kwamba binti fulani aliazima kitabu cha afya ya uzazi siku fulani. Daftari hilo likiachwa mezani, limesomwa na darasa zima, na binti huyo hatarudi. Mpe kila mwanafunzi namba, orodha ya namba na majina ikae mahali pengine penye kufuli, na karatasi zako zote za utafiti zitumie namba tu.

Jambo la mwisho hapa husahaulika: wewe ni mwalimu wao. Unasahihisha kazi zao na pengine unashika fimbo. Ukiwauliza "maktaba yetu mnaionaje?" watakuambia ni nzuri. Dodoso ligawiwe na kiranja wa maktaba, lisiwe na jina, na likusanywe kwenye boksi lililofungwa.

Hatua ya 4: Hesabu ulichonacho tayari

Kabla hujamuuliza mtu chochote, maktaba yako imeshajaa ushahidi. Leja inasema vitabu vingapi viliingia na lini. Daftari la kuazima linasema nani, nini, lini kilirudi. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya kitabu ni kumbukumbu ya maisha ya kitabu hicho.

Huhitaji kufungua kila kitabu. Chukulia una vitabu 640 rafuni. Unataka sampuli ya 80, yaani kitabu kimoja katika kila vinane. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, mwambie mwanafunzi achomoe kimoja. Kikitoka 5, anza na kitabu cha tano rafuni, kisha cha 13, cha 21, uendelee hivyo mpaka mwisho. Usiruke kwa sababu kitabu kinachofuata ni kizuri zaidi. Kwa kila kitabu andika: namba ya usajili, somo, lugha, mwaka wa kuchapwa, hali yake, na mihuri mingapi ya miezi 12 iliyopita.

Tuseme 22 kati ya 80 viliazimwa. Hiyo ni asilimia 27.5, lakini kwa sampuli ya ukubwa huo kadirio la haki ni kati ya asilimia 18 na 37. Kwa hiyo sema "takribani robo" na uachane na nukta. Inatosha kabisa kumwambia mkuu wa shule kwamba sehemu kubwa ya rafu imelala, na kwa kuwa umeandika somo na lugha, unaweza kumwambia imelala wapi.

Daftari la kuazima lina upofu wake: halioni kitabu kinachosomwa mle mle ndani. Tiba yake ni nyepesi. Kwa wiki mbili waombe wanafunzi wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani. Kila jioni hesabu vilivyoachwa kabla ya kuvipanga. Vilevile zungusha macho kila nusu saa: wangapi wamekaa, wangapi wanasoma kitabu cha maktaba, wangapi wananakili notisi za rafiki, wangapi wamejificha jua. Usishangae kundi la tatu likiwa kubwa kuliko yote. Kiti chenye kivuli na ukimya ni huduma pia, na shule yenye wanafunzi sabini kwa darasa inahitaji mahali pa kunakili notisi. Lakini ijulikane hivyo, isije ikaandikwa kwenye ripoti kwamba watu arobaini "walisoma".

Hatua ya 5: Uliza, na waulize hasa wasiokuja

Ukiwauliza waliomo ndani ya maktaba kwa nini watu hawaji maktaba, umeuliza watu wasiohusika. Chukua orodha ya mahudhurio ya darasa, ondoa walioazima kitu muhula huu, na kutoka kwa waliobaki chagua kwa njia ile ile ya kuruka namba. Kumi au kumi na wawili wa kuzungumza nao wanatosha kuanzia.

Uliza kwa Kiswahili, hata kama shule ina bango la kulazimisha Kiingereza. Mwanafunzi anayejibu kwa Kiingereza cha kukariri atakupa sentensi ya kitabu cha kiada. Ukimwachia lugha yake atakuambia kwamba maktaba hufunguliwa saa ya chakula na foleni ya chakula ni ndefu.

Maswali yaulize mambo yaliyotokea, yaache maoni:

- Badala ya "Je, unapenda kusoma?" uliza "Kitabu cha mwisho ulichosoma ambacho hakikuwa cha mtihani ni kipi? Ulikipata wapi? Uliishia ukurasa wa ngapi?"
- Badala ya "Je, maktaba ina vitabu vya kutosha?" uliza "Mara ya mwisho ulipokuja, ulitafuta nini? Ulikipata?"
- Badala ya "Je, mhudumu ni mkarimu?" usiulize kabisa. Mhudumu ni wewe.

Dodoso lisizidi upande mmoja wa karatasi. Lijaribu kwanza kwa wanafunzi watano na uwaombe wakueleze kila swali wamelielewaje, maana swali ambalo kwako ni wazi kama "unatumia maktaba mara ngapi?" kwao lina maana tatu: kuingia, kuazima, au kutumwa na mwalimu kuchukua chaki.

Hatua ya 6: Badilisha jambo moja

Sasa ndipo utafiti unakuwa kazi. Chagua badiliko moja kulingana na ulichokiona: kuhamisha rafu, kufungua baada ya vipindi badala ya saa ya chakula, kuruhusu kuazima siku ya Ijumaa, au kukaa na mwalimu wa Jiografia mkapanga pamoja kazi inayolazimisha vyanzo viwili. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo, hutajua lipi lilifanya kazi.

Angalia kalenda. Januari wageni wa Kidato cha Kwanza huingia kila mahali kwa udadisi. Novemba ni mwezi wa mitihani ya taifa, na maktaba hujaa watu wasioazima kitu. Msimu wa mvua shule za vijijini mahudhurio hushuka kwa ajili ya kilimo. Mwezi wa Ramadhani ukanda wa pwani ratiba za mchana hubadilika. Kulinganisha Februari na Novemba kutakudanganya bila wewe kukusudia. Linganisha wiki zilizofanana, au bora zaidi, anza na mkondo mmoja: Kidato cha Pili A wapate ruhusa ya kuazima Ijumaa, B wasubiri wiki sita, kisha nao wapate. Kilichotokea kwa A peke yao kabla B hawajaanza ndicho cha kuangalia.

Mwalimu wa somo ni muhimu kuliko rafu. Kwa uzoefu wa wengi, hakuna bango wala shindano la usomaji linalojaza maktaba kama mwalimu mmoja anayetoa kazi isiyoweza kujibiwa kwa notisi za ubaoni. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024, unasisitiza umahiri, na hapo una hoja ya kumpelekea mwalimu wa taaluma.

Hatua ya 7: Changanua bila kujidanganya

Programu ya lahajedwali kama Excel au LibreOffice Calc inarahisisha kazi, lakini daftari lenye mistari na kikokotozi vinatosha.

Jihadhari na wastani. Tuseme Kidato cha Pili kina wanafunzi 120, na kwa wiki nne vitabu 60 viliazimwa. Wastani ni nusu kitabu kwa mwanafunzi, jambo linalosikika kama kila mtu amegusa kidogo. Ukipanga kwa namba za wanafunzi unakuta tisa kati yao wameazima vitabu 41, wengine 14 wamegawana 19 vilivyobaki, na 97 hawajaazima chochote. Sentensi ya kweli ni hii: "Wanafunzi 97 kati ya 120 hawakuazima kitu." Hiyo ndiyo ya kuandika.

Majibu ya mdomo yaandike kila moja kwenye kikaratasi chake, yatandaze mezani, uyakusanye kwa mafungu yanayofanana, kisha ndipo uyape majina. Ukianza na majina utalazimisha majibu yaingie humo. Mwombe mwalimu mwenzako ayapange upya bila kuona mafungu yako. Mkitofautiana sana, zungumzeni.

Matokeo yakiwa kinyume na ulichotarajia, yaandike hivyo hivyo. Rafu uliyoihamisha kwa jasho isipoongeza uazimaji, hiyo nayo ni habari, na inamwokoa jirani yako wa shule ya pili asihamishe ya kwake.

Hatua ya 8: Ripoti ya ukurasa mmoja

Mkuu wa shule hatasoma kurasa ishirini. Mwandikie ukurasa mmoja: swali, ulichofanya, ulichokuta kwa namba tatu au nne, na ombi moja. Ombi moja tu, lenye gharama na tarehe: "Naomba maktaba ifunguliwe saa 9:30 hadi 11:00 alasiri Jumatatu hadi Alhamisi, na viranja wawili wasamehewe zamu ya usafi siku hizo." Ripoti yenye maombi manane hujibiwa "tutaliangalia".

Kama ulipima upotevu, andika idadi ya vilivyopotea bila kuipunguza na uiweke kando ya idadi ya mara vitabu vilivyosomwa. Vitabu viwili vilivyopotea kati ya 50, huku vilivyobaki vikiwa vimeazimwa mara 130, ni hesabu ambayo bodi ya shule inaweza kuijadili. Nakala iwepo kwenye faili la maktaba siku wathibiti ubora wanapofika, na vitabu vilivyopotea viingizwe kwenye utaratibu rasmi wa kufuta mali ili leja isiendelee kukudai. Kama kazi ina jambo la kuwafaa wengine, iwasilishe kwenye mikutano ya Chama cha Wakutubi Tanzania.

Walimu huhamishwa kwa taarifa fupi, kwa hiyo andika kwenye karatasi moja namna ulivyohesabu: sampuli ilianzia kitabu cha ngapi, wiki zipi, nani aligawa dodoso. Atakayekuja arudie vilevile mwaka unaofuata, vinginevyo namba zake na zako hazitalingana. Madodoso yenyewe yakishaingizwa kwenye jedwali na kuhakikiwa, yachome, na orodha inayounganisha namba na majina ichome siku hiyo hiyo.